Maswali na Majibu: Mila za Wahindi, kutoka Uzi wa Rakhi hadi Mahari

Swali: Mfanyakazi mwenzangu, binti wa Kihindu, alinifunga uzi mwekundu mkononi mwezi Agosti na kuniita kaka. Nilipaswa kufanya nini? (Msomaji, Dar es Salaam)

Jibu: Uzi huo ni rakhi. Hufungwa katika sikukuu ya Raksha Bandhan, siku ya mwezi mpevu wa Shravan katika kalenda ya Kihindu, ambayo kwa kawaida huangukia Agosti. Dada humfunga kaka yake, humtia alama katika paji la uso na kumlisha kitu kitamu; kaka naye hutoa zawadi na kukubali wajibu wa kumlinda. Si lazima wawe wa tumbo moja, kwa hiyo zawadi ndogo ingefaa, na hata sasa hujachelewa. Nikuongezee ambalo hukuuliza: aliyefungwa rakhi amekwisha kuwa ndugu, hivyo kama ulikuwa na nia nyingine kwa binti huyo, umejibiwa kwa heshima.

Swali: Je, ni kweli kwamba kwa Wahindi mwanamke ndiye anayelipa mahari?

Jibu: Kwanza tutenganishe maneno mawili yanayochanganywa kila siku: Mhindi ni mtu mwenye asili ya India, awe wa dini yoyote, ilhali Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Mhindi Mwislamu huoa kwa mahari kama ijulikanavyo kwetu, na huiita mehr, neno lenye asili ileile ya Kiarabu. Unachokiulizia huitwa dahej: fedha, vyombo, dhahabu, wakati mwingine hata gari, vinavyotoka upande wa bibi harusi kwenda kwa mume na wakwe. Desturi hii imeenea zaidi kwa Wahindu, lakini imewaingia wafuasi wa dini nyingine pia. Isichanganywe na stridhan, ambayo ni mali ya mwanamke mwenyewe, na wakwe hawana haki nayo.

Sheria ya India ya mwaka 1961 ilipiga marufuku kutoa, kupokea na hata kudai dahej. Mwaka 1986 liliongezwa kosa la kifo cha mke kinachotokana na dahej ndani ya miaka 7 ya ndoa, na adhabu yake ya chini ni kifungo cha miaka 7. Hata hivyo sheria ya 1961 inaruhusu zawadi ambazo hazikudaiwa, mradi ziorodheshwe, na hapo ndipo penye mwanya: madai huvikwa kanzu ya zawadi, na baba wa binti, akihofia mwanawe asije akateswa ugenini, hunyamaza na kukopa. Kwa maoni yangu, mila inayomfanya mzazi aione siku ya kuzaliwa binti kuwa siku ya kuanza deni haistahili kutetewa kwa jina la utamaduni.

Swali: Katika harusi ya Kihindu, ndoa hufungwa wakati gani hasa?

Jibu: Panapofuatwa desturi ya saptapadi, yaani hatua saba mbele ya moto mtakatifu, Sheria ya Ndoa za Wahindu ya mwaka 1955 inasema kwamba ndoa hutimia hatua ya saba inapopigwa. Usiondoke mapema.

Swali: Je, Wahindi wote hurithisha wana wa kiume tu?

Jibu: Hapana. Wakhasi, kabila la jimbo la Meghalaya kaskazini-mashariki mwa India, ambao wengi wao leo ni Wakristo, huhesabu ukoo kwa mama, na binti wa mwisho, khatduh, ndiye anayerithi nyumba ya familia na kuwatunza wazazi. Kwa Wahindu, marekebisho ya sheria ya mwaka 2005 yalimpa binti haki sawa na kaka yake katika mali ya ukoo.

Swali: Kwa nini tarehe ya Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, hubadilika?

Jibu: Kwa sababu hufuata mwezi: huadhimishwa usiku usio na mwezi, kati ya Oktoba na Novemba. Ila kalenda ya Kihindu huongezewa mwezi mmoja takriban kila miaka 3, ndiyo maana Diwali haizunguki mwaka mzima kama Ramadhani.