Pikapu ya Chalbi, mchanga wa Mkwaja na mengine mliyouliza

Barua za safari hii karibu zote zinauliza jambo moja: pikapu gani inafaa kwa njia mbovu, mchanga na jangwa. Sishangai. Siku hizi lami inatoka Tanga mjini hadi mpakani Horohoro, na kule Kenya imepita Isiolo na Marsabit mpaka Moyale, kwa hiyo mtu akikunjua ramani anaona Ziwa Turkana linafikika. Nimechagua maswali machache, mengine nimeyafupisha.

Shikamoo fundi. Tuko vijana wanne wa Chumbageni. Mwezi wa saba tunataka kwenda jangwa la Chalbi na Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana. Pesa tuliyochanga inatosha Land Cruiser pikapu ya mwaka 2003 yenye injini ya 1HZ, au Hilux Vigo dabo kebini ya 3.0 ya mwaka 2010. Tuchukue ipi?

Marahaba wanangu. Tuanze na njia yenyewe. Chalbi ni kitanda cha ziwa lililokauka zamani sana, kipo kati ya Marsabit na Ziwa Turkana. Kiangazi ni uwanda mpana wa udongo mgumu wenye chumvi juu. Mvua ikinyesha unageuka tope linalomeza gari hadi chasisi. Mwezi wa saba ni mkavu, mmechagua vema. Ila msidhani jangwa ni mchanga tu. Kuna mawe meusi ya volkano yenye ncha kali, na kuna barabara ya matuta madogo mfululizo inayotikisa gari kutwa nzima. Njia ile inaua gari kwa mtikisiko, vumbi na joto. Mchanga ni wa nne.

Kwa hiyo swali langu kwenu ni hili: gari likifa North Horr, kule kule jangwani, nani atalitengeneza, na kwa spea gani?

Kwa swali hilo 1HZ haina mpinzani. Ni injini ya dizeli ya lita 4.2, silinda sita, haina tabo (kifaa cha kusukumia hewa zaidi kwenye injini), pampu yake ni ya kimakanika na hakuna kompyuta inayoiamuru. Fundi yeyote aliyezoea dizeli za zamani anaifungua kwa spana za kawaida, na Land Cruiser za aina hiyo ndizo zinazobeba watu na mizigo kaskazini mwa Kenya kila siku, kwa hiyo kifaa hakikosekani Marsabit wala Isiolo. Ekseli ni nzima mbele na nyuma, zinavumilia mawe. Udhaifu wake ni kwamba ni nzito, ni ya polepole, na inakunywa. Kwenye njia mbovu hesabuni kilomita tano kwa lita. Na mkiikuta imefungwa tabo na fundi wa mtaani, iacheni. Kichwa cha injini ile hakikuundwa kwa tabo, na ikisukumwa sana kinapasuka.

Lakini ninyi mko wanne. Hiyo Land Cruiser pikapu, inayoitwa 79, ya mwaka 2003 ni singo kebini, dabo kebini za 79 zilianza kutengenezwa mwaka 2012. Mkiinunua, mmoja wenu atakaa nyuma kwenye bodi, juani, juu ya mitungi ya dizeli, kwenye barabara inayorusha hata jeki. Sikubali hilo hata kidogo, na nawaomba msilifikirie. Chukueni Vigo.

Vigo ya 3.0 ina injini ya 1KD: ina tabo, na dizeli inasukumwa kwa presha kubwa sana kupitia nozeli zinazoamriwa na kompyuta. Ni injini nzuri, ila haipendi dizeli chafu. Bebeni vichujio viwili vya dizeli, na mkijaza kutoka kwenye pipa, chujeni kwanza, kisha jioni fungueni skrubu iliyo chini ya kichujio mtoe maji. Kabla ya kununua, muombeni muuzaji asiiwashe mpaka mfike, muikute ya baridi. Ikigonga gonga kwa sauti kali ikiwa baridi, au ikichelewa kuwaka, fundi azitazame nozeli na washa zake za shaba, yaani vile vipete bapa vya kuzibia. Washa zikivuja, moshi unaingia kwenye oili na kutengeneza masizi, masizi yanaziba chujio lililo chini kwenye sampu, lile bakuli la oili, na injini inakosa oili mkiwa njiani. Kubadili washa ni kazi ndogo ukilinganisha na kununua injini.

Dalali wa Dar ananiambia ana Vigo ya 2009 “kutoka Japani, haijawahi kutumika nje”. Bei yake iko juu kwa sababu hiyo. Nimuamini?

Usimlipe kwa sababu hiyo. Toyota waliacha kuuza Hilux Japani mwaka 2004 wakarudi kuiuza mwaka 2017, kwa hiyo Vigo ya 2009 haikuwa gari la soko la kule. Inaweza kuwa imetoka Thailand, Afrika Kusini, Uingereza au kwingine. Soma namba ya chasisi: ikianza na MR0 imeundwa Thailand, AHT ni Afrika Kusini, JT ni Japani. Kuundwa Thailand si kasoro, kiwanda cha kule kinatengeneza Hilux kwa nusu ya dunia. Kasoro ni mtu kukutoza pesa kwa hadithi. Iliyotoka Uingereza ichunguze kutu kwa makini zaidi, maana wenzetu wale humwaga chumvi barabarani wakati wa theluji.

Fundi, petroli au dizeli kwa njia za porini? Niko Handeni, naenda Kilindi mara kwa mara na mizigo.

Kwa mizigo na vilima, dizeli. Inavuta ikiwa polepole, na haimalizi tangi upesi. Lakini Hilux ya petroli ya 2.7 naiheshimu sana: haina tabo, haina nozeli za bei mbaya, na petroli utaipata hata kijijini kwa wanaowauzia bodaboda kwenye chupa. Kama safari zako nyingi ni za mzigo mwepesi na huna fundi mzuri wa dizeli karibu, chukua hiyo usione haya.

Nina Mitsubishi L200 ya fowili, inayovuta kwa magurudumu yote manne. Jumapili nilikwama kwenye mchanga karibu na Mkwaja, nikakanyaga mafuta mpaka magurudumu yote yakazama. Kuna haja ya kununua gari kubwa zaidi?

Hakuna haja. Gari lako linatosha. Upepo wa matairi ndio ulikuwa mwingi.

Tairi lenye upepo wa lami, tuseme PSI 35 kwenye geji, linasimama kwenye mchanga kwa sehemu ndogo tu, kwa hiyo linachimba. Ukilishusha hadi 18 linalala, linarefuka chini, na uzito wa gari unasambaa. Mtu akiona kwa macho yake gari lililokwama kabisa likitoka lenyewe baada ya kupunguza upepo, hatasahau maisha yake yote. Ukishakwama unaweza kushuka hadi 15. Chini ya 12 usiende, tairi linachomoka kwenye rimu. Na kama unatumia tairi la tyubu, kama lile la 7.50R16 la Land Cruiser, ishia 20, kwa sababu tairi linaweza kuzunguka kwenye rimu na kukata vali ya tyubu.

Upepo ukiwa mdogo, mwendo uwe mdogo, usizidi kilomita 40 kwa saa, na usikate kona ghafla. Weka fowili kabla ya kuingia mchangani. Gia nzito, mguu mwepesi, mwendo usiokatika. Ukihisi gari linazama, ondoa mguu mara moja. Rudi nyuma polepole kwenye njia yako mwenyewe, maana pale umeshashindilia mchanga. Kila sekunde unayozungusha magurudumu bure unajichimbia kaburi la gari. Likishakaa kwa tumbo, toa beleshi, ondoa mchanga mbele ya kila gurudumu na chini ya difu, shusha upepo, ndipo ujaribu.

Ukirudi kwenye njia ngumu, jaza upepo hapo hapo. Pampu ndogo ya umeme inayofungwa moja kwa moja kwenye betri, na geji ya kweli, ni vitu ninavyovithamini kuliko taa za urembo na mabomba ya kromu mnayofunga mbele. Na ukiondoka mchangani kwenda lami, toa fowili. Pikapu nyingi za aina hii hazina difu ya katikati, ukikata kona kwenye lami kavu ukiwa umeweka fowili unaumiza giaboksi.

La pwani peke yake: huku Mkwaja na Saadani msiendeshe gari juu ya mstari wa maji makuu. Kasa wanataga kwenye mchanga ule mkavu, Madete hasa, na tairi moja linavunja kiota kizima. Mtu wa pwani anajua maji yanapokupwa na yanapojaa, hana sababu ya kupita pale.

Mimi ni mama mfanyabiashara wa Pangani. Mume wangu anataka tununue pikapu iliyokuwa ikibeba samaki. Ni rahisi sana. Unasemaje?

Mama, rahisi hiyo ina sababu. Maji ya samaki ni maji ya chumvi, yanachuruzika kutoka kwenye bodi na kutua juu ya chasisi, ndani ya vyuma vilivyofungwa ambako jua halifiki. Rangi ya juu inaweza kung’aa na chini kumeoza.

Nenda na nyundo ndogo na tochi. Lala chini, gonga chasisi polepole kuanzia nyuma ya kebini hadi mwisho, hasa pale inapopanda kupita juu ya ekseli ya nyuma na pale springi zinaposhikwa. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti butu na magamba yanadondoka. Ukiona sehemu imepakwa lami nyeusi mbichi, hapo ndipo ugonge zaidi. Chasisi yenye tundu hata la ukubwa wa senti moja mimi sinunui, nawe usinunue.

Kisha fungua boksi la kichujio cha hewa. Toa kichujio, ingiza kitambaa cheupe ndani ya bomba linaloelekea kwenye injini, upande wa baada ya kichujio, zungusha, utoe. Kikitoka safi, endelea. Kikitoka na vumbi jekundu, injini imekuwa ikila mchanga, na pete za pistoni zimeshasagika hata kama leo inawaka vizuri. Wauzaji wengi huosha injini nje. Ndani ya bomba lile hakuna anayekumbuka.

Nissan Navara, Ford Ranger, Isuzu D-Max, pikapu mpya za Kichina: mbona huzitaji?

Kwa sababu swali ni njia mbovu na mbali. D-Max ya injini ya 4JJ1 ya lita 3.0 naipenda, ina cheni badala ya mkanda wa taimingi, na inavumilia. Ranger ya 3.2 ina nguvu na raha, lakini ina umeme mwingi, uwe na fundi mwenye mashine ya kuusoma. Kwa Navara, tazama historia ya gari moja moja. Za Kichina zinaboreka mwaka hadi mwaka, na kwa mtu wa Tanga mjini mwenye wakala karibu si mbaya. Kwenda nayo Loiyangalani, bado. Spea haijafika kule.

Lile bomba la hewa linalopanda hadi juu ya paa lina kazi au ni urembo?

Lina kazi, na kwa jangwa kazi yake kubwa ni vumbi. Juu hewa ni safi kuliko kwenye bampa, kichujio kinadumu zaidi. Ila hakikisha viungo vyote vimefungwa barabara hadi kwenye boksi. Bomba lililofungwa ovyo linavuta vumbi kupitia ufa.

Tunapovuka Horohoro na gari letu tunatakiwa tuwe na nini?

Kadi ya gari, na kama jina si lako, barua ya mwenye gari. Bima ya kadi ya njano ya COMESA, inayotumika hapa na Kenya. Forodha watakupa kibali cha muda cha kuingiza gari, tazama tarehe ya mwisho wake kabla hujaondoka dirishani.

Sisi ni wale wale wa Chumbageni. Mzigo tuupange vipi, na spea tairi ngapi?

Mbili, zote nzima, za saizi ile ile. Mawe ya kule yanakata tairi ubavuni na ubavu hauzibwi. Ongezeni vifaa vya kuziba pancha.

Maji hesabuni lita tano kwa mtu kwa siku ya kunywa na kupika. Wanne kwa siku nne ni lita 80, yaani kilo 80. Dizeli ya ziada lita 60 ni kama kilo 50. Tairi mbili na rimu zake kama kilo 60. Mahema, vyakula na vifaa tuseme kilo 100. Ninyi wenyewe kilo 300. Jumla karibu kilo 590, na Hilux inaibeba, lakini inaibeba vizuri kama mzigo uko chini. Mitungi ya maji na dizeli iwe sakafuni mwa bodi, imesukumwa hadi ukutani mwa kebini, imefungwa kwa mikanda si kwa kamba za katani. Juu ya paa wekeni mahema na magodoro tu. Bebeni jani kuu moja la springi ya nyuma na boliti lake la katikati. Kila mkisimama usiku, mmoja wenu apite chini na spana kukaza nati za shokapu na za kishikio cha betri, kwa sababu hizo ndizo zinazolegea kwanza.