Chuma bapa cha umeme na mikate ya maji ya asubuhi

Kwenye nyumba yenye watoto wa skuli, bibi anayetaka chai yake mapema na baba anayewahi kazini, mwenye kupika mikate ya maji kwa kikaango kimoja ndiye anayekunywa chai mwisho, tena imeshapoa. Ndiyo sababu kubwa ya mie kukipenda chuma bapa cha umeme, kile kipana chenye kitufe cha joto pembeni. Mikate mitatu au minne inaiva kwa pamoja, mayai yanapata nafasi yao, na sote tunakaa mkekani wakati mmoja. Mambo ya kuokoa makaa nayahesabu baadaye.

Ukienda kununua, kigeuze usome kibandiko cha chini kabla hujauliza bei, khasa kama ni mtumba. Umeme wetu hapa Unguja ni volti 230. Chuma kilichotengenezwa kwa soko la Marekani ni cha volti 120. Ukikichomeka hapa kitatoa moto karibu mara nne ya ule kiliopangiwa, na hakitafika mbali. Adapta ndogo inabadilisha miguu ya plagi tu, umeme haiupunguzi. Jengine, usikichomeke kwenye ekstensheni moja na birika la umeme. Chuma cha wati 1,500 na birika la wati 2,000 kwa pamoja vinavuta zaidi ya ampea 15, na plagi yetu ya miguu mitatu mwisho wake ni ampea 13. Chemsha chai kwanza, uitie kwenye chupa, ndipo uwashe chuma.

Wanaoogopa TUKUZA, yaani umeme wa kulipia kabla, wapige hesabu: chuma cha wati 1,500 kikiwaka nusu saa bila kupumzika kinakula robo tatu ya yuniti. Na kinapumzika, kwa sababu kikishafikia joto kinajizima na kujiwasha chenyewe.

Hapo kwenye joto ndipo watu wengi wanapokiharibia jina. Taa ikizima, mtu anamimina unga, mkate wa kati unaungua na wa pembeni unabaki mweupe. Waya wa moto umepita kwa mzunguko chini ya bamba, kwa hivyo baadhi ya sehemu zinatangulia kupata moto. Taa ikishazima subiri dakika mbili tatu zaidi, moto usambae. Nyunyiza tone la maji: likitulia na kutoa povu, bado, likirukaruka, anza. Mikate ya maji inataka kama nyuzi 190. Mayai yanataka chini ya hapo, basi yapikie mwisho baada ya kupunguza moto.

Unga uchanganye mapema. Vikombe viwili vya unga wa ngano, yai moja, chumvi kidogo, maji vikombe viwili na nusu, na iliki ukipenda. Uache nusu saa madonge yalainike. Sukari usizidishe, inaunguza mkate kabla haujaiva. Afadhali ya kunyunyiza juu mezani. Kwenye kikaango tumezoea kumimina na kukizungusha mkononi, lakini chuma hiki hakiinuliki. Dawa yake ni upawa wa kifuu: mimina katikati, kisha kwa mgongo wa upawa zungusha taratibu kutoka ndani kwenda nje. Ule mviringo wake unatandaza unga vizuri, bila kuukwaruza, kuliko kijiko chochote cha dukani. Mkate ukikauka juu na kingo zikaanza kujiinua, geuza kwa mwiko wa mti. Mwiko wa chuma utachuna ile rangi nyeusi isiyoshika chakula. Kabla ya kumimina tena, vuta pumzi kidogo bamba lirudi kwenye moto wake. Inayoiva ipange kwenye sahani, uifunike kawa.

Chapati nazo zinakubali vizuri, na mbatata zilizobaki jana zikikaangwa na kitunguu na tungule ni chakula kamili. Lakini vitumbua vina chuma chao chenye mashimo, usijisumbue. Na mkate wa ufuta uachie seredani: ule hushikishwa kwenye chungu, kisha uso wake ukageuziwa makaa, na bamba hili juu halina moto. Seredani yenyewe usiigawe. Aliyekuwepo Unguja kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010, tulipokosa umeme miezi mitatu kwa hitilafu ya waya wa baharini, hahitaji kuelezwa.

Usafi hauna kazi. Chomoa, kiache kipoe kibaki vuguvugu, pangusa kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo. Kitufe cha joto pamoja na waya wake visiguse maji kabisa. Na yale mafuta ya kwenye kisahani cha chini yamwage siku hiyohiyo, la sivyo usiku mende watakuja kuyaulizia.