Kamusi ninayo, mbona bado nakatwa maksi?

SWALI: Shikamoo dada. Niko form three hapa Tanga, insha yangu ya kiingereza imerudi imejaa wino mwekundu, nimeandika big rain nikakatwa, nimeandika I drank medicine nikakatwa tena, na kamusi ninayo, big ipo, drink ipo, medicine ipo, sasa nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana. Maneno yako yote ni sahihi ila hayaendi pamoja, kama vile sisi tunavyopiga simu na kupiga pasi, mgeni akikwambia "nimefanya simu" utamwelewa lakini sikio litakataa. Sasa wewe ulianza kutafuta big, kumbe ungeanza na rain. Anza na nomino siku zote, maana kitu unachotaka kukisema unakijua tayari, unachokosa ni neno la kukaa nacho.

Fungua rain, ukishapata maana usifunge kamusi, shuka mpaka kwenye mifano (watu wanairuka hii mifano na inaniuma kweli, maana hazina yote iko hapo) utakuta heavy rain, kamusi nyingine wanakoleza herufi kabisa ili uone. Ukikuta maneno mawili matatu yametengwa na mkwaju, heavy/torrential rain, ujue lolote kati ya hayo linakubali. Kwenye medicine utakuta take, dawa kwao "inachukuliwa" hata kama ni ya maji. Kamusi kama ya Longman wanaweka na kiboksi, vitenzi upande wake, vivumishi upande wake. Oxford walitoa kamusi nzima ya kazi hii 2002, ile haishughuliki sana na maana, unafungua nomino unapewa wenzake tu.

Na usione aibu, kazi hii ilianza kwa ajili ya wanafunzi kama wewe, Harold Palmer alikuwa anafundisha kiingereza Japani, akatoa ripoti ya maneno yanayoandamana 1933, halafu Hornby aliyefanya naye kazi hukohuko akatengeneza kamusi ya wanafunzi iliyotoka Tokyo 1942.

Kwenye daftari usiandike medicine = dawa, andika take medicine yote kwa pamoja. Leo jioni fungua mistake, angalia kitenzi gani kimekaa kabla yake kwenye mifano, halafu rudi kwenye ile insha uone umeandika nini.