Kabla ya kufurahia bei, uliza hasara itamwangukia nani

Siku ya kumi na moja ya kungoja mzigo, wakala wangu wa forodha alinipigia simu akaniomba nifike ofisini kwake. Nilijua kuna jambo, kwa sababu habari njema huwa anazimaliza kwenye simu. Akanipa karatasi moja. Injini ya meli ilishika moto njiani, moto ukazimwa, meli ikavutwa hadi bandari ya karibu. Kontena langu la nguo halikuguswa hata na moshi. Nikamshukuru Mungu, kisha nikasoma aya ya pili: mwenye meli ametangaza hasara ya pamoja, na kila mwenye mzigo aweke dhamana kabla ya kukabidhiwa kilicho chake. Mwenye bima angewekewa dhamana na kampuni yake ya bima. Asiye na bima alete fedha taslimu. Mimi sikuwa na bima.

Nikamwambia huu ni uonevu. Yeye ni mtu mzima, ametoa mizigo bandarini tangu mimi niko shule, akanijibu taratibu: "Mwanangu, hii ni sheria ya bahari tangu enzi za Warumi. Chombo kikiokolewa kwa gharama, wote waliookoka wanachangia."

Alisema kweli. Zamani nahodha alipolazimika kutosa shehena ya mtu mmoja ili chombo kisizame, wenzake waliofika salama walimfidia. Utaratibu huo ni wa haki, na bado unafanya kazi. Meli ya Ever Given, yenye urefu wa mita 400, ilipokwama kwenye Mfereji wa Suez tarehe 23 Machi 2021, dunia nzima ilihesabu siku sita hadi iliponasuliwa. Wachache walifuatilia kilichowapata wenye mizigo baada ya hapo. Misri iliizuia meli hadi Julai wakati fidia ikigombaniwa, na mwenye meli naye akatangaza hasara ya pamoja. Humo mlikuwa na maelfu ya makontena ya watu ambao kosa lao lilikuwa kuagiza bidhaa tu.

Kwangu, ile dhamana ilimeza mtaji wote wa kuzungusha. Nikakopa. Mzigo ulipotoka, msimu wake ulikuwa umepita, na nguo za msimu uliopita huuzwa kwa bei anayotaka mnunuzi. Tangu siku hiyo kuna swali moja ninaloliuliza kwenye kila makubaliano, na ndilo ninalotaka kumwachia yeyote anayefikiria kununua au kuuza nje ya mipaka: mambo yakiharibika hapa katikati, hasara inamwangukia nani?

Naanza na herufi tatu zilizoniponza. Nilinunua kwa FOB, kwa sababu kwenye ankara ndiyo iliyoonekana nafuu. Maana yake ni kwamba muuzaji anawajibika mpaka mzigo upakiwe melini kwenye bandari ya kwao. Baada ya hapo, bahari yote ni yako. Rafiki zangu wengi wanadhani dawa ni kununua kwa CIF, kwa kuwa muuzaji analipia usafiri na bima mpaka bandari yako. Tahadhari hapo. Chini ya CIF muuzaji analipa nauli, ndiyo, lakini hatari inakuhamia wewe palepale mzigo unapopakiwa melini kule kwao, sawasawa na FOB. Tena bima anayolazimika kukukatia ni ya kiwango cha chini, inayogusa majanga machache yaliyotajwa. Ukitaka bima ya kukutosha, itamke kwenye mkataba au ujikatie mwenyewe. Masharti haya, yaitwayo Incoterms, si siri. Chama cha Kimataifa cha Biashara chenye makao Paris kiliyachapisha mara ya kwanza mwaka 1936, na toleo la 2020 lina masharti 11. Yasome yote 11 kabla hujatuma malipo ya awali. Mimi niliyasoma baada ya moto.

Watu huniuliza kwa nini biashara ya mbali ikawa rahisi kiasi cha kumvuta hata mtu mwenye mtaji mdogo. Sehemu kubwa ya jibu ni lile sanduku la chuma. Tarehe 26 Aprili 1956 mfanyabiashara wa malori wa Marekani, Malcom McLean, alituma meli ya Ideal X kutoka Newark kwenda Houston ikiwa na makontena 58. Hesabu iliyonukuliwa sana ni kwamba kupakia tani moja kwa mikono wakati huo kuligharimu dola 5.86, na kwa kontena ikashuka hadi senti 16. Gharama ya usafiri ilipokaribia kusahaulika, kiwanda hakikuwa tena na sababu ya kukaa karibu na mteja. Kikahamia penye vibarua wa bei ndogo, na kikaendelea kuhama.

Makuli waliopakia kwa mikono walipoteza kazi bandari baada ya bandari. Sipendi kulipita jambo hili kana kwamba ni kivumbi cha njiani. Unafuu tunaoufurahia madukani umelipwa, ila waliolipa si sisi.

Swali langu lina sehemu mbili: hasara ya fedha, na hasara ya watu. Hii ya pili ndiyo iliyonikosesha usingizi. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza, nje kidogo ya Dhaka nchini Bangladesh, liliporomoka na kuua watu 1,134. Siku moja kabla, nyufa zilionekana ukutani. Benki na maduka ya ghorofa za chini yalifunga. Wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya ghorofa za juu waliamriwa kurudi kwenye vyerehani vyao, maana oda zilikuwa na tarehe. Nilipoziona picha, nilikuwa nimeketi kati ya marobota ya mashati. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimemwandikia mwuzaji wangu mara tatu nikimhimiza aharakishe na apunguze bei. Sikuwa mteja wa jengo lile, lakini barua zangu zilikuwa na maneno yaleyale.

Sasa kabla ya kubana bei namuuliza mwuzaji: ukikubali bei hii, utapunguza wapi? Anayejua kazi yake atakutajia uzito wa kitambaa, idadi ya vifungo, aina ya uzi, ukubwa wa oda. Anayekujibu "usijali" anakuficha mtu, na mtu huyo yuko kwenye cherehani. Nimewaacha wauzaji wawili kwa sababu ya jibu hilo, na bei zao zilikuwa nzuri kuliko zote.

Jambo la sarafu nitalisema kwa ufupi kwa kuwa halina mjadala. Usidaiwe kwa sarafu usiyoipata kwa wateja wako. Tarehe 2 Julai 1997 Thailand iliacha kuishikilia sarafu yake, baht, kwenye dola, na thamani yake ikaporomoka. Makampuni yaliyokopa dola yakiuza kwa baht yaliamka na deni kubwa kuliko yalivyolala nalo, bila kukopa hata senti nyingine. Moto ukasambaa hadi Indonesia na Korea Kusini. Kama lazima ukope kwa fedha za kigeni, kopa kiasi unachoweza kukilipa hata sarafu yako ikipoteza theluthi moja ya thamani. Ukishindwa kuipiga hesabu hiyo bila kutetemeka, oda yako ni kubwa mno.

Tena chunguza kama biashara yako imesimama juu ya kazi nzuri au juu ya kanuni ya mtu mwingine. Tangu mwaka 1974 biashara ya nguo duniani iliendeshwa kwa mgao: nchi nyingi zinazoendelea zilizokuwa zikiuza kwenye masoko makubwa ziliwekewa kikomo. Wenye viwanda walizunguka dunia wakitafuta nchi ambayo mgao wake haujajaa, wakajenga huko. Tarehe 1 Januari 2005 mgao ukaondolewa. Viwanda vilivyokuwa mahali fulani kwa ajili ya mgao tu vikafunga milango, na wafanyakazi ambao hawakuwa wamekosea mshono wowote wakaambiwa warudi nyumbani. Tarehe ya mwisho ilikuwa imeandikwa wazi kwa miaka kumi. Ukipata msamaha wa ushuru au soko la upendeleo, litumie, lakini tafuta tarehe ya mwisho wake na uiandike ukutani.

Nimeacha mpaka hapa jambo ninalolijali kuliko yote, la ufundi. Kabla sijaanza kuagiza, nilikuwa na mafundi cherehani wanne. Mteja alikuwa akifika, fundi anamzungushia futi ya kitambaa shingoni, begani, kiunoni, wanaulizana habari za watoto, na vipimo vinaandikwa daftarini. Mtu alikuwa na ukurasa wake. Nilipoanza kuleta nguo zilizoshonwa tayari, watu wakajifunza kujipima kwa herufi: mimi M, yule XL. Shati likimbana mtu kifuani, anasema amenenepa. Hasemi shati limekosewa. Ndani ya miaka miwili mafundi watatu waliondoka. Sikumfukuza yeyote. Kazi iliwakauka mikononi, na mimi ndiye niliyeielekeza kwingine.

Silaumu mashati yale. Wapo wazazi waliomudu kuwavisha watoto wao vizuri kwa mara ya kwanza kwa sababu yake, na furaha ile niliiona kwa macho yangu. Ninachojutia ni kwamba niliuachia ustadi uondoke bila kuuwekea thamani kwenye hesabu zangu. Daftari langu lilikuwa na safu ya nauli, ya ushuru, ya tozo za kuchelewesha kontena. Halikuwa na safu ya fundi anayejua kukata kola. Mzigo ulipokwama bandarini, ustadi ule ungeniweka mjini msimu mzima. Fundi mmoja aliyebaki alishona mchana na usiku, akaumwa mgongo, na bado hakuweza kuziba pengo la wanne.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza kuagiza ni huu: usibadilishe kila kitu kwa mkupuo. Acha sehemu ya biashara yako ambayo haitegemei meli, hata kama faida yake ni ndogo, na uilipie kama unavyolipia bima. Mimi sasa naagiza theluthi mbili tu ya ninachouza. Theluthi iliyobaki inashonwa hapahapa, pamoja na kurekebisha zile nguo za herufi ziwakae watu wenye miili yao halisi. Hiyo kazi ya marekebisho imekuwa kubwa kuliko nilivyotegemea.

Yule fundi aliyebaki amechukua mwanafunzi, binti mwenye mkono mwepesi. Mwezi wa kwanza alikataa kugusa kitambaa kizuri, akawa anajizoeza kwa karatasi na vipande vya mabaki. Fundi akaniambia hawezi kujifunza kola kwa mabaki. Tukakaa watatu, tukaandika makubaliano ya ukurasa mmoja, na nikamsomea binti mstari wa nne mara mbili ili auelewe: kitambaa akikikosea wakati wa kujifunza, hasara ni yangu. Siku iliyofuata alikata kola mbili. Moja tuliitupa.