Maswali ya Wasomaji: Je, Vipokezi vya Homoni Huchoka kwa Kuchochewa na Dawa za Kisukari?

SWALI: Daktari, pokea salamu zangu. Mama yangu ana kisukari cha aina ya pili, na kwa miezi minne sasa anadungwa sindano ya semaglutide mara moja kwa wiki. Tulielezwa kwamba dawa hii huchochea vipokezi vya homoni. Ikiwa vipokezi hivyo vinachochewa usiku na mchana, havitachoka na kuacha kuitikia? Tena, mbona sukari yake haishuki kupita kiasi ilhali dawa imo mwilini saa zote, wakati vidonge alivyotumia zamani vilimfanya atetemeke na kutoka jasho kila alipochelewa kula?

JIBU: Ndugu msomaji, mpe mama pole ya maradhi. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa kuwa jibu lake ndilo linaloonyesha kipokezi hiki ni cha namna gani.

Semaglutide huiga homoni iitwayo GLP-1 na kuchochea kipokezi chake. Kipokezi hicho ni protini iliyopenya utando wa seli na kuukatiza mara saba, upande mmoja ukitokeza nje na mwingine ndani. Homoni yenyewe hutolewa na utumbo tunapokula. Mkia wake hunaswa kwanza na sehemu ya nje ya kipokezi, kisha kichwa chake huzama katikati na kukifanya kipokezi kibadili umbo. Badiliko hilo huiamsha protini ya G, mpokezi wa ujumbe aliye upande wa ndani, nayo huamsha kimeng'enya kinachotengeneza molekuli ndogo ya kusambaza ujumbe ndani ya seli, iitwayo AMP ya mduara. Earl Sutherland, Mmarekani aliyeigundua molekuli hiyo alipokuwa akichunguza jinsi ini linavyoitikia homoni za adrenalini na glukagoni, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1971, na kwa maoni yangu ni vigumu kuzielewa dawa hizi bila kuanzia hapo alipoanzia yeye.

Katika seli za beta za kongosho, zile zinazotengeneza insulini, AMP ya mduara haina uwezo wa kutosha kuitoa insulini peke yake. Amri hutoka kwa glukosi, yaani sukari ya damu: inapoingia katika seli na kuchomwa, nishati huongezeka, vijia vya potasiamu hufungwa, hali ya umeme ya utando hubadilika, kalsiamu huingia, na vifuko vya insulini humwagwa nje. Kazi ya AMP ya mduara ni kuikuza amri hiyo. Sukari inapokuwa chini, amri haipo, na kwa hiyo hata kipokezi kikichochewa kwa nguvu hakitoi insulini nyingi. Vidonge vya kundi la sulfonailurea, kwa upande wao, huvifunga vijia vile vya potasiamu moja kwa moja, damu iwe na sukari nyingi au kidogo, na dalili ulizozieleza ni zile zile zinazowapata watumiaji wake wanapokosa mlo. Ninakusihi jambo moja: ikiwa mama bado anatumia vidonge vya aina hiyo au insulini pamoja na sindano hii, mwarifu daktari wake, kwa sababu kinga niliyoieleza huvunjika dawa hizo zinapochanganywa, na mara nyingi kipimo cha zile za zamani hupunguzwa.

Sasa tuje kwenye uchovu wa vipokezi. Wasiwasi wako una msingi. GLP-1 ya asili hubisha hodi na kuondoka, kwani kimeng'enya cha DPP-4 huiharibu upesi kiasi kwamba nusu yake hutoweka ndani ya dakika 2 hivi, ilhali semaglutide huchukua takribani wiki moja kupungua hadi nusu. Na ni kweli kwamba seli ina njia ya kujikinga dhidi ya mbishaji asiyeondoka. Kipokezi kilichochochewa hubandikwa fosfeti, alama ndogo ya kikemia, kwenye mkia wake wa ndani, protini iitwayo beta-arestini huushika mkia huo na kuizuia protini ya G isiufikie, kisha kipokezi chote huvutwa ndani ya seli. Baadhi ya vipokezi hurudishwa juu ya utando, na vingine huvunjwavunjwa. Kuna jambo ambalo hata wataalamu liliwashangaza: kipokezi kilichokwisha kuvutwa ndani kinaweza kuendelea kutengeneza AMP ya mduara kwa muda, kwa hiyo kuingia ndani si sawa na kunyamaza.

Hata hivyo, viungo vya mwili haviitikii kwa namna moja. Mwanzoni dawa hizi hulifanya tumbo lichelewe sana kupitisha chakula, lakini kwa zile zinazokaa mwilini muda mrefu, athari hiyo hufifia baada ya wiki kadhaa. Nafuu ya sukari haifuati mkondo huo. Katika jaribio kubwa la liraglutide, dawa ya jamii hiyo hiyo, lililowafuatilia wagonjwa kwa takribani miaka 3.8, waliopewa dawa waliendelea kuwa na sukari ya chini kuliko wenzao. Kichefuchefu, ambacho kwa sehemu kubwa hutokana na vipokezi vya ubongoni, nacho hupungua kwa wengi mwili unapozoea. Ndiyo sababu semaglutide ya sindano huanzishwa kwa miligramu 0.25 kwa wiki 4 kabla ya kupandishwa hadi 0.5, kipimo cha kwanza hakikusudiwi kudhibiti sukari, bali kuupa mwili nafasi ya kuzoea. Tafadhali msiharakishe hatua hiyo.

Watengenezaji wa dawa nao wamejifunza kwamba vichochezi viwili vya kipokezi kimoja vinaweza kupata majibu tofauti. Tirzepatide, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022, huchochea vipokezi vya GLP-1 na vya homoni nyingine ya utumbo, GIP. Uchunguzi wa seli umeonyesha kwamba kwenye kipokezi cha GLP-1 dawa hiyo huamsha utengenezaji wa AMP ya mduara lakini huiita beta-arestini kwa uchache, hivyo vipokezi vingi zaidi hubaki juu ya utando.

SWALI: Je, kipokezi cha insulini nacho kinafanya kazi hivyo hivyo?

JIBU: Hapana, hicho ni cha ukoo mwingine. Kina nusu mbili zilizounganishwa, na insulini inapokishika, nusu hizo hubandikana fosfeti na kuanzisha mfululizo wa ishara ambao, katika misuli na mafuta, huleta visafirishi vya glukosi viitwavyo GLUT4 kwenye utando. Insulini ikizidi kwa muda mrefu, idadi ya vipokezi vyake hupungua. Lakini katika kisukari cha aina ya pili, sehemu kubwa ya ukaidi wa mwili dhidi ya insulini iko baada ya kipokezi, katika ule mfululizo wa ishara. Msuli unaofanya kazi huzileta GLUT4 juu kwa njia nyingine isiyopitia kipokezi hicho, na njia hiyo hubaki wazi hata kwa mgonjwa ambaye insulini yake haiitikiwi vizuri.