Dampa imefungwa: imezuia moshi au imerudishwa mahali pake?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni fundi wa zamu katika kiwanda cha mafuta ya alizeti huku Kizota, Dodoma. Tuna boila mbili zinazotoa moshi kwenye dohani moja, na kila boila ina bamba la chuma ndani ya njia ya moshi la kuitenga na mwenzake. Kijana wa ofisini ametubandikia kibao: "Kidhibiti Unyevu cha Kutengwa". Sisi tunasema dampa tu. Juzi daftari la zamu liliandikwa, "Dampa ya boila namba 2 imefungwa." Mwenzangu wa usiku akafungua mlango wa boila hiyo kwa kujiamini, akapokewa na moshi wa boila ya kwanza. Kumbe wa mchana alimaanisha wameirudisha mahali pake baada ya matengenezo! Hakuumia, ila alikohoa mpaka asubuhi. Kifaa hiki kwa Kiswahili sahihi kinaitwaje?

JIBU: Marahaba, na mwenzako mpe pole. Nitalijibu swali la jina, lakini kilichomkohoza si jina.

Kibao hicho king'oeni leo. Kifaa chenu hakihusiani kabisa na unyevu. Kwa Kiingereza dampa ni "damper", neno linalofanana kwa ubavu na "damp", la unyevunyevu, na nadhani kijana aliiuliza simu yake, ikamjibu bila aibu. Hiyo "cha kutengwa" nayo imepinduka. Kinachotengwa ni boila. Bamba ndilo linalotenga. Mkiogopa kwamba "ya kutenga" haielezi nani anamtenga nani, kumbukeni mashine ya kusaga na nyama ya kusaga: moja inasaga, nyingine imesagwa, na hakuna mnunuzi aliyewahi kuchanganyikiwa buchani. Semeni dampa ya kutenga.

Neno dampa lenyewe halina kosa. Limeingia kwa mlango uleule wa mota, filta na kompyuta, na linakaa vizuri katika ngeli ya I-ZI: dampa imekwama, dampa zimekwama. Liangalieni tu lisiteleze mwishoni likawa dampo, maana dampo letu liko Chidaya na lina kazi nyingine. Anayetaka neno la nyumbani anaweza kusema kilango cha moshi, au kilango cha hewa kama kiko kwenye bomba la feni. Mimi nalipenda, maana mgeni analielewa bila kuelezwa. Lakini fundi aliyesema dampa miaka kumi hataliacha kwa sababu yangu.

Mtofautishe pia dampa ya kutenga na ile ya kupunguza. Ya kupunguza husimama popote, nusu au robo, kadiri hewa inavyotakiwa. Ya kutenga ina hali mbili tu, wazi au imefunga ndi. Umbo lake si lazima liwe moja: nyingine ni bamba linaloshuka kama kisu na kukata njia, nyingine ni sahani inayogeuka robo mzunguko kwenye shafti.

Sasa tuje kwenye moshi. Kitenzi chetu "funga" kinabeba mizigo miwili ambayo kiwandani haifai kubebwa pamoja. Tunafunga mlango, na tunafunga feni ukutani. Anayefunga mlango anazuia njia, anayefunga feni anaweka kifaa mahali pake. Kwa hiyo fundi wa mchana hakukosea Kiswahili, na wa usiku hakukosea kusoma. Sentensi moja, maana mbili, zote sahihi. Kinyume chake, "fungua", ni kibaya zaidi. Fundi pikipiki akikwambia amefungua injini, unajua ameichambua na nati zimejaa kwenye kopo. Basi ukimwagiza kijana mpya "nenda kafungue dampa", atazungusha mkono wa dampa, au atatafuta spana?

Nilifikiri niwashauri mtumie "ziba", nikajizuia. Bomba limeziba kwa Kiswahili cha kila siku ni bomba lililojaa uchafu, na kwenu masizi hayakosekani. Mngehama kutoka utata mmoja kwenda mwingine.

Dawa ninayoiona ni kubadilisha kile kinachosemwa kimefungwa, si kitenzi. Dampa inaweza kufungwa kwa maana zote mbili, lakini njia ya moshi ya boila yenu haifungwi kwa spana. Andikeni habari ya njia: "njia imefungwa", "njia iko wazi". Habari ya dampa kama kifaa ipeni vitenzi vyake: imepachikwa, imerudishwa, imeng'olewa. Na mkitaka kuandika kuhusu kufuli, andikeni "imepigwa kufuli", kwa sababu "imefungwa kwa kufuli" inaturudisha kulekule.

Jambo moja linatoka kidogo nje ya lugha. "Njia imefungwa" haimaanishi moshi haupiti kabisa. Masizi yakikaa kwenye kingo za bamba, au kingo zikipinda kwa joto, moshi huvuja. Ndiyo maana dampa nyingine huwa na mabamba mawili, na katikati yake husukumwa hewa safi yenye nguvu kuliko moshi, ili kama kuna kuvuja ivuje hiyo hewa. Kama yenu ni ya bamba moja, daftari linahitaji neno la tatu: inavuja.

Ningekuwa mimi wa zamu ya mchana, ningeandika hivi: "Saa 10 jioni. Dampa ya boila namba 2 imerudishwa. Njia ya moshi IKO WAZI. Haijapigwa kufuli. Mlango wa boila usifunguliwe."