Jibu: Gari la dhana halisi linatambulikaje?

Mkuu, umeuliza kama kila gari geni linalopandishwa jukwaani kwenye maonyesho ni gari la dhana. Hapana. Gari la dhana huundwa ili kupima wazo la umbo au teknolojia kabla kiwanda hakijaamua kuliuza.

Kipimo changu ni Buick Y-Job ya mwaka 1938, kazi ya Harley Earl, mbunifu wa magari wa kampuni ya General Motors: taa za mbele za kujificha, vioo vya madirisha vya umeme, vitasa vilivyolala sawa na bodi. Haikuuzwa, ila Earl mwenyewe aliiendesha barabarani. Lancia Stratos Zero ya 1970, kutoka Bertone, kampuni ya Italia ya kubuni magari, ilikwenda mbali zaidi: kimo sentimita 84 hivi, na dereva aliingia kwa kufunua kioo cha mbele!

Magari yale yaliyobandikwa stika za kuficha umbo ni prototaipu, yaani magari ya majaribio. Muundo umeshaamuliwa, wanajaribu breki, joto na uimara. Na ukiona "dhana" yenye vioo vya pembeni vya kawaida, nguzo zote za milango na nafasi ya namba, basi angalia vizuri. Mara nyingi hilo ni gari la kuuzwa lililovishwa rimu kubwa.